Futi ya buku mbili vs mizani ya bluetooth, uzoefu wangu

Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu cha kujipimia nyumbani kwa ajili ya moyo, nunua futi, ile ile ya kamba ya fundi cherehani. Mi ninavyo vyote viwili, futi ya buku mbili ya Kariakoo na mizani ya kioo inayoungana na simu kwa bluetooth iliyonitoka elfu themanini na kitu, na inayonipa habari ya maana ni futi.

Mizani kwa upande wa kilo haina shida, unapanda inakupa uzito fasta na simu inatunza. Shida ni hayo mengine inayodai kupima, asilimia ya mafuta, mafuta ya tumboni, sijui umri wa mwili. Inapitisha umeme mdogo sana kwenye nyayo afu inakisia, sasa ukinywa maji mengi namba inabadilika, ukitoka kuoga miguu mibichi inabadilika, na umeme wenyewe unapita zaidi miguuni, tumbo linakadiriwa tu.

Mi nina urefu wa sentimita 170 na kilo 70, BMI (kilo ugawanye kwa urefu wa mita mara urefu wenyewe) inakuja 24.2, programu ikawa inaniwekea kijani, uzito wa kawaida. Ila kwetu upande wa baba presha na moyo vimeshaondoka na watu kwa hiyo nikaenda kucheki afya, nesi hakuishia kwenye kilo, akanizungushia futi kiunoni ikasoma 98, nyonga 100, akagawanya palepale ikaja 0.98. Akanambia mwanaume kuanzia 0.90 na mwanamke 0.85 ndo Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari imepanda sana. Presha nayo ikasoma 142 kwa 90. Yani mtu ana mikono na miguu myembamba, kitambi kiko mbele, na BMI inampitisha!

Kinachosumbua ni mafuta ya ndani kabisa, yanayozunguka ini na utumbo, hayo ndo yanavuruga sukari, presha na kolesteroli. Ya mapajani na makalio hayana ukorofi huo. Kuna utafiti unaitwa INTERHEART, watu karibu 27,000 kutoka nchi 52, Afrika tulikuwemo, matokeo ya kiuno na nyonga yalitoka kwenye jarida la Lancet 2005, na uwiano huo ulihusiana na shambulio la moyo kwa nguvu kuliko BMI. Halafu huku kwetu mtu akitoa kitambi anasifiwa pesa imemkubali, inaniuma sana kwa sababu wengi wanakuja kujua wakiwa wodini.

Kupima sasa, maana hapa wengi wanakosea. Usiniambie unavaa suruali saizi 34, suruali inakaa chini ya kitambi. Vua shati, tafuta mwisho wa mbavu na juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati yake, pumua nje kawaida bila kuvuta tumbo ndani, futi iguse ngozi isikabe na nyuma isipande, mi namwambia wife aangalie. Mjamzito asihangaike nayo. Hesabu nyepesi ni kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako, Uingereza waliiingiza kwenye mwongozo wao 2022, kwa hiyo mi natakiwa chini ya 85, bado nina safari.

Nimepunguza wali wa usiku, soda nimeacha, natembea jioni, kilo zimeshuka mbili tu, ukiangalia mizani unakata tamaa, lakini kiuno kimetoka 98 hadi 93 na presha imeanza kushuka. Hiyo ndo imenifanya niendelee.

Kasoro za futi zipo. Za plastiki laini zinavutika zikizeeka, kwa hiyo ilinganishe na rula mara moja moja, na upande mmoja ni inchi usichanganye. Haikupimii presha wala sukari, na mvuta sigara mwenye kiuno chembamba asijione salama, moyo unaangalia na hayo.

Futi nyota tano, mizani mbili, na hizo mbili ni za kilo tu. Ambaye ameshatumia zile futi za kubonyeza zinazojirudisha zenyewe anambie kama zinakaza sawasawa ukiwa unajipima peke yako.