Mvua haikunyesha, tukalowa: kambi ya watu wazima Udzungwa

Nianze na hema, maana kila nikijaribu kuanza na kitu kingine najikuta nimerudi kwenye hema.

Kiangazi kilichopita, mwezi wa saba au wa nane hivi, siku 5 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kambi ya kujifunza mambo ya asili, watu wazima tupu. Waandaaji siwataji. Mbingu ilikuwa safi usiku kucha, hata tone la mvua halikudondoka. Asubuhi ya kwanza mfuko wa kulalia umelowa kuanzia magotini hadi miguuni, foronya imelowa, na ukigusa ukuta wa hema maji yanakuchuruzika mkononi mpaka kwenye kiwiko.

Wasiojua wanadhani hema limevuja. Halikuvuja. Lilitoka jasho.

Hema la kuba la kawaida lina tabaka mbili: chumba cha ndani chenye wavu, na turubai la juu. Kati yake lazima hewa ipite. Pumzi za watu wawili usiku mzima si mchezo, ni maji ya kujaza kikombe cha chai na kuzidi. Mvuke huo unapenya kwenye wavu, unakutana na turubai lililopoa, unageuka matone. Hilo halikwepeki, liwe hema la bei gani. Kazi ya anayefunga hema ni kuhakikisha matone yanateremka upande wa ndani wa turubai hadi ardhini bila kugusa chumba. Turubai likilegea likakilalia chumba, basi tena, maji yanaingia kama chai kwenye chujio. Na mrefu ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ncha ya mfuko wake wa kulalia inasukuma kitambaa cha miguuni mpaka kinashikana na turubai.

Sasa sikieni. Hema lile linataka vigingi 10 kwa uchache: 4 vya pembe, 2 vya vibaraza (pale turubai linapotokeza mbele ya mlango), 4 vya kamba za ubavuni. Kila hema lilipewa 6. Ukihesabu unaona vilivyokosekana ni vile 4 vya kamba, yaani vile ambavyo kazi yake pekee ni kulivuta turubai liwe mbali na chumba! Kamba zenyewe zilikuwa zimeviringishwa na kubanwa na kampira kadogo keusi, kama zilivyotoka kiwandani. Mahema yamefuliwa mpaka rangi imepauka, lakini kamba hazijawahi kufunguliwa hata siku moja. Matundu ya hewa ya juu, ambayo yana kijiti cha kuyaweka wazi, yote yalikuwa yamebanwa kwa velkro.

Halafu mahali. Tulikuta mahema yameshafungwa, jua limezama, kwenye uwazi mdogo kando ya kijito kabisa. Pazuri kwa picha. Usiku hewa baridi inateremka mlimani na kutuama bondeni kama maji, na kijito kinaongeza unyevu wake. Tena uwazi bila miti juu maana yake turubai linapoa upesi kuliko lingekuwa chini ya majani. Hatua 30 tu kupanda juu kulikuwa na bapa lenye kivuli, limekauka, halina njia ya siafu, na miti yake haina matawi makavu ya kuwaangukia watu. Nilipakagua asubuhi. Hapakuwa na sababu yoyote ya kupaacha, ila ya kubeba ndoo za maji hatua 30.

Nikamfuata mkuu wa kambi jikoni, kwa adabu zote, shikamoo nikaitoa maana kanizidi umri. "Marahaba. Sasa kijana, porini kuna umande. Ukitaka pakavu, lodji zipo Mang'ula." Wapishi wakaangua kicheko. Mzee wangu, umande hauingii ndani ya hema lililofungwa sawasawa, na mimi sikuuliza habari za lodji. Niliuliza vigingi viko wapi. Swali hilo halikujibiwa mpaka tunaondoka, na hapo ndipo nilipoona kwamba alama ya nyota 1 inawatosha.

Aliyekwisha lipa na hawezi kurudi, afanye hivi. Fungua kamba zote. Ukikosa kigingi tumia jiwe la kijitoni, lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto: zungusha kamba mara mbili kisha weka jiwe la pili juu ya kamba, maana jiwe moja huburuzika. Miti hukati, hii ni hifadhi, hata kuni huokoti. Kigingi ukikipata kichomeke kwa mshazari, kichwa kikiegemea upande wa nje, mbali na hema. Kikisimama wima kinang'oka. Vuta mpaka kiganja kizima kipite kati ya turubai na chumba pande zote. Fungua matundu ya hewa hata kama baridi inakutisha, kwa sababu anayejifungia kabisa ndiye anayelowa zaidi. Nguo mbichi na buti zilale kibarazani. Na kabla ya kulala, saa 3 au 4 usiku, toka ukakaze tena kamba: turubai la nailoni likipata unyevu hunyooka na kulegea hata kama jioni lilikuwa limekazika kama ngoma. La poliesta halina tabu hiyo sana. Yale yalikuwa nailoni.

Usiku wa pili, kwa mawe na vigingi 2 vya akiba vilivyokuwa mfukoni mwangu, hema letu likalala kavu. Mkuu wa kambi akaja asubuhi, akalizunguka mara mbili, akabonyeza turubai kwa kidole, akaondoka bila neno. Mahema mengine yakaendelea kulowa.

Chakula kilikuwa kizuri, sina neno. Wali wa Kilombero ni wali wa Kilombero. Choo cha shimo kilikuwa na majivu ya kutosha. Filimbi ya kutuamsha saa 11 alfajiri, watu wenye wajukuu, tuliachie hapo.

Ila sasa kuna yule mama wa mimea, na hapa nyota zangu zinaanza kuyumba. Mwenyeji wa bondeni, mpole, hana haraka. Alimpa kila mmoja wetu lenzi ya mkono inayokuza mara 10, na somo la kwanza lilikuwa namna ya kuishika: lenzi inakaa jichoni, karibu kugusa kope, kisha jani ndilo linaletwa kwenye lenzi. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunashika lenzi mbali kama mpelelezi wa kwenye sinema, halafu tunalalamika hatuoni kitu. Akatupeleka kwenye mwamba wenye kivuli uliojaa unyevu, akatuonyesha lile ua la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima, Saintpaulia, lenye jina la Saint Paul, ofisa Mjerumani wa Tanga enzi za ukoloni. Kwa lenzi jani lake lina manyoya yaliyosimama kama nywele za mtoto aliyetoka kuoga, na kila unywele umebeba tone. Tulikaa hapo karibu saa nzima, na hakuna aliyetoa simu.

Siku iliyofuata akatufundisha kumtambua mangabei wa Sanje, aina ya kima, kabla ya kumwona. Mnyama huyu wanasayansi walikuja kumjua 1979 tu, na haishi popote duniani nje ya milima hii. Mbega mwekundu unamtafuta juu, kwenye vilele vya miti. Mangabei anashinda sana chini, kwa hiyo unaangalia ardhi: majani makavu yaliyopinduliwa, upande wenye unyevu ukiwa juu, na maganda ya mbegu zilizopasuliwa. Kama upande huo bado unang'aa, kundi halijafika mbali. Unakaa kimya juu ya gogo, hufuati. Dakika 20 hivi, wakapita wenyewe.

Kwa ajili ya mama huyu natoa 4. Hapana, 3, maana kila nikikumbuka kwamba watu walisinzia wakati anafundisha kwa sababu hawakulala, hasira inarudi. Kilichoharibu darasa lake ni vigingi.

Na wasiniambie habari za uzito. Najua Udzungwa haina barabara ndani, kila kitu kinapanda kwa migongo ya wapagazi. Lakini mahema 8, pungufu ya vigingi 4 kila moja, ni vigingi 32. Chukua nondo ya milimita 6, kata vipande vya sentimita 30, kunja sentimita 5 za juu ziwe ndoano, noa ncha. Hazifiki hata mita 10 za nondo, uzito wake kilo 2 na ushee kwa kambi nzima. Fundi wa kuchomelea anamaliza kabla chai haijapoa. Kambi hiyohiyo ilipandisha spika ya muziki iliyotengewa mpagazi wake peke yake, ndani ya msitu ambao tumelipia kuusikiliza!

Mama wa mimea akifundisha tena mwakani, nitalipa tena, na nondo zangu nitabeba mwenyewe. Akiwa hayupo, siendi hata bure. Na vile vigingi vyangu 2 vya alumini, vyekundu, niliwaazimisha watu wa hema la jirani usiku wa mwisho, vikafungashwa pamoja na vitu vya kambi. Navidai.