Nimefunikwa meno sita ya mbele hapa Tanga: bei, kazi yenyewe na kilichobadilika

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Shilingi 150,000 kwa jino, meno sita ya juu ya mbele, jumla 900,000. Kukwanguliwa ugaga kabla ya kazi ni 50,000 nyingine, ambayo siku ya makadirio hakuna aliyenitajia; nimekuja kuiona kwenye risiti. Bima yangu haikutoa hata senti, kwao hili ni pambo. Nilipokea mchezo wetu wa upatu, nikachanganya na akiba ya duka. Kliniki ni ya mtu binafsi, iko Chumbageni, na jina silitaji kwa kuwa nina ya kuwasifia na nina ya kuwalalamikia.

Meno yangu yaliota na madoa ya kahawia. Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, na aliyepita huko hahitaji maelezo zaidi. Maji yanayotokea kwenye miamba ile ya volkano yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na ukanda ule una vyanzo vinavyopita kiwango hicho kwa mbali. Tena kuna magadi tunayotia kwenye makande ili yaive upesi, nayo yana floridi yake. Floridi inaharibu ganda la jino wakati jino bado linajengwa ndani ya fizi za mtoto. Akishafika miaka minane hivi, ya mbele yameshamaliza kujengwa. Hata akinywa maji hayohayo mpaka uzee, hayageuki rangi. Na mimi kuhamia Tanga hakukunifutia hata doa moja. Mswaki hauhusiki kabisa, na hapa ndipo penye kidonda changu.

Nyumbani sikuwahi kujua kwamba nina meno ya kuonewa haya. Darasa zima tulikuwa hivyo, mwalimu alikuwa hivyo, na mchungaji akihubiri alikuwa nayo hayohayo. Nilicheka mdomo wazi mpaka nilipoolewa huku. Watu wa pwani wana ustaarabu wao, hawakwambii jambo usoni. Wiki ya kwanza ya ndoa mama mkwe alinipa mswaki mpya na dawa ya meno, kwa upole, kama mtu anavyompa mgeni taulo. Nikashukuru. Baada ya muda akaniletea na mkaa uliosagwa. Dukani Ngamiani, ninapouza kanga na vitenge, mteja mmoja aliniuliza kwa kunong'ona kama navuta sigara. Mwingine akamwambia mwenzake, akidhani sisikii, kwamba mimi ni mzuri ila mchafu.

Ndiyo maana nikisikia watu wanasema wanaokwenda kutengenezwa meno wanataka urembo, huwa nanyamaza tu. Mimi sikwenda kutafuta urembo. Nilichoka kuonekana sipigi mswaki, mimi ninayepiga asubuhi na usiku na baada ya kula samaki. Nikajizoesha kucheka nimefumba midomo, na nikizidiwa mkono unapanda wenyewe kuziba. Picha zote nilizopigwa tangu hapo nimefunga mdomo. Mpiga picha mmoja alisema "dada, tabasamu" mpaka akakata tamaa.

Daktari ni dada mmoja wa makamo, mchache wa maneno. Kabla hajanifungua mdomo aliniuliza, "Dada, unayekerwa na meno haya ni wewe, au kuna aliyekutuma?" Nikajibu ni wateja. Akasema, "Wateja hawatalala kwenye kiti hiki. Nataka jibu lako." Ikabidi nifikiri. Mume wangu hajawahi kuyasemea neno, na kusema kweli kwenye kioo mimi mwenyewe sikuyachukia. Nilichochukia ni kuziba mdomo. Nikamwambia hivyo, akaandika kwenye faili. Sijui aliandika nini, lakini kuanzia hapo aliongea nami kama mtu mzima.

Alinieleza njia zilizopo bila kunisukuma kwenye ile ya gharama. Dawa ya kung'arisha peke yake isingenifaa: meno yangu yalikuwa na mabaka meupe kama chaki pembeni ya yale ya kahawia, na dawa mara nyingi huyafanya yale meupe yazidi kuonekana. Kusugua ganda kwa asidi maalumu na unga laini wa kusagia husaidia doa likiwa la juujuu. Langu lilikuwa limezama, na meno mawili yalikuwa na vishimo. Zikabaki mbili: kufunika kwa komposite, yaani ule ujiuji wa rangi ya jino unaogandishwa kwa mwanga, au kuweka venia za kauri, yaani vigamba vyembamba vinavyobandikwa usoni mwa jino. Za kauri kwao ni 500,000 kwa jino, zinadumu miaka 10 hadi 15 na zaidi zikitunzwa, hazinywi rangi ya chai, ila kwa kawaida lazima jino lichongwe, na likichongwa halirudi. Komposite haichongi sana au haichongi kabisa, inadumu miaka mitano hadi saba, inashika rangi, na ikimeguka inazibwa palepale. Nikachagua komposite. Pesa ilichangia uamuzi, lakini hata ningekuwa nayo nadhani ningechagua hiyohiyo kwanza.

Nina mwanya mdogo katikati. Daktari akauliza, maadamu tunajenga meno upya, aufunge? Nilikuwa nimempigia wifi simu nikaiacha kwenye spika, kabla sijafungua mdomo sauti ikatoka kwenye mkoba: "Usithubutu!" Daktari akacheka mpaka akavua barakoa. Mwanya wangu upo mpaka leo, na huku pwani ndio uliokuwa ukiniokoa muda wote.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kuchagua rangi. Alikuja na kishada cha vijino vya mfano, kila kimoja na namba yake, akazima ile taa kubwa, akanipeleka dirishani kwenye mwanga wa mchana. Alifanya hivyo mwanzoni kabisa, kabla ya kukausha meno, kwa sababu jino likikauka huwa jeupe kuliko lilivyo na rangi utakayochagua itakudanganya. Mimi niliinyooshea kidole ile nyeupe pee. Akanishikia kioo, akaweka kile kijino karibu na meno yangu ya chini, akakaa kimya. Kilionekana kama si changu. Akakibadilisha na A2, yenye umanjano kidogo, akasema, "Hii watu hawataiona." Kisha akapaka komposite kidogo kwenye jino moja bila gundi, nilione, akaibandua.

Siku ya kazi nilikaa kwenye kile kiti kuanzia asubuhi hadi adhuhuri ilipoadhiniwa. Sindano ya ganzi haikuhitajika. Pamba mdomoni, halafu jeli ya asidi ya bluu kwenye kila jino ili gundi ipate pa kushika. Alisema meno ya floridi uso wake haushikwi kirahisi na asidi, hivyo huwa anaiacha muda mrefu kidogo kuliko kwa watu wengine. Daktari asiyejua hilo, kazi yake huweza kubanduka mapema. Kisha tabaka kwa tabaka: rangi nzito chini ya kuficha doa, nyepesi juu, taa, tena, taa. Katikati umeme ukakatika. Taa ya kugandishia ina betri ikaendelea, lakini mashine ya kusagia na ile ya kunyonya mate zikafa, nikakaa mdomo wazi na pamba zangu wakati mtu wa mapokezi anatafuta ufunguo wa chumba cha jenereta. Hiyo siwasamehi. Kliniki ya meno Tanga isiyojua ufunguo wa jenereta uko wapi!

Mwishoni unauma karatasi ya rangi ili aone wapi meno yanagongana, anapunguza, unauma tena. Nikapewa kioo. Sikulia, na sikuona maajabu. Niliona meno ya kawaida, na nikajihisi kama mtu aliyeshtakiwa halafu kesi ikafutwa bila yeye kutoa ushahidi.

Siku za mwanzo herufi F na V zilinisumbua. Meno yalikuwa marefu kidogo kuliko niliyozoea, kila nikisema "vitenge" ukingo wake unagusa mdomo wa chini mahali papya. Jaribu kuuza vitenge ukiwa hivyo. Ikaisha yenyewe.

Sasa hilo la kujiamini, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Daktari alitabiri sawa: karibu hakuna aliyeona. Mama mkwe alinitazama akasema nimenawiri, akauliza kama nina ujauzito. Wateja hawakusema chochote, na kutosema kwao ndiko nilikokuwa nimekulipia laki tisa. Nimeanza kubishana bei huku nimewatazama machoni. Nikichekeshwa nacheka, ingawa mkono ulichelewa sana kuacha tabia. Hata juzi ulipanda hadi kidevuni ukarudi wenyewe. Lakini msinielewe vibaya. Aliyekuwa mpole dukani bado ni mpole. Kwenye shughuli za kina mama bado nakaa nyuma na sishiki kipaza sauti, nikagundua hilo halikuwa la meno hata siku moja. Shosti wangu alitegemea nitarudi kutoka kliniki nikiwa mtu mwingine, na nadhani nilimvunja moyo.

Lililonitatiza ni nilipokwenda nyumbani. Kule waliona mara moja. Wadogo zangu wakanitania kwamba nimeshakuwa wa pwani. Mama alinishika kidevu, akayakagua moja moja kama anachagua maharage, akasema kazi ni nzuri. Halafu akauliza, bila hasira: "Na haya yangu, uliyokuwa ukiyatazama miaka yote, ulikuwa unayaonaje?" Nilisema yake ni mazuri. Alijua nasema kweli, na alijua pia kwamba jibu hilo halitoshi. Sijapata lingine.

Kaka yangu ana binti wa miaka mitano. Hapo ndipo nilipoamua pesa ya mchezo unaofuata iende kwenye tanki la maji ya mvua, maana mvua haina floridi ya kusumbua, na maji ya kunywa na kupikia yake tukiyatoa humo, meno yanayoendelea kujengwa yana nafasi. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi ambacho hutumia mkaa wa mifupa kuchuja maji, kaka amekwenda kuuliza. Tanki linahudumia nyumba nzima, na bei yake si mbali na ya meno yangu sita.

Kuhusu matunzo: sing'ati muhindi wa kuchoma kwa meno ya mbele tena, napukuchua. Jino moja lilimeguka kipembe kwa muhindi, nikarudi, likazibwa siku hiyohiyo bila malipo. Hapo nawapa sifa kamili. Chai ya rangi sijaacha, ila nasukutua maji baada yake. Kila baada ya miezi kadhaa narudi kung'arishwa, nalipia.

Kwa mikono ya daktari nawapa nyota tano. Kwa mapokezi, mbili, ya pili ni kwa yule kijana aliyeupata ufunguo. Na kama unataka kwenda, popote pale, muulize daktari kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sababu siku hizi kuna wanaobandika meno saluni. Muombe picha za watu wenye meno kama yako aliowahi kuwatibu. Mimi kwanza nilionyeshwa meno meupe ya watu ambao maji ya Meru hawajawahi kuyaonja. Nikakataa kutoa fedha ya utangulizi mpaka nilipoonyeshwa ya wenzangu.