Likizo na watoto Watamu, Gede na Marafa: tuliyoyapenda na tusiyoyarudia

Kabla sijafika kwenye malazi na chakula, niseme hili: anayewapeleka watoto Kaunti ya Kilifi ajue kwanza maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Sisi watu wa bara hupanga likizo kwa saa ya ukutani. Chai saa mbili, kuogelea saa nne, chakula saa saba. Bahari ya Watamu haina habari na ratiba hiyo. Yakikupwa, maji yanakimbia mbali mpaka mtoto anauliza bahari imeenda wapi. Yakijaa, mchanga mliochezea asubuhi haupo tena. Wazazi wengi niliowasikia wakilalamika kwamba "hakuna cha kufanya" walikuwa mahali pazuri, ila kwa saa isiyofaa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua: maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kukupwa ni ndogo, na saa zimegeuka, asubuhi ndiyo ya kujaa. Kila siku inayofuata mambo yanachelewa kwa kama dakika hamsini. Ukilijua hilo, hata tarehe za likizo unaweza kuzichagua kwa kutazama kalenda ya mwezi. Sisi tulifika karibu na mwezi mpevu, na kwa familia yenye mtoto mdogo sidhani kuna wakati bora zaidi: asubuhi vidimbwi vya mwambani, jioni kuogelea.

Tulikuwa mimi, mume wangu, watoto watatu (mkubwa ameingia sekondari, mdogo bado yuko chekechea) na mama mkwe, ambaye magoti yake hayataki ngazi. Kwa hiyo nitasema kila mahali palivyomfaa yeye pia, maana maoni mengi huandikwa kana kwamba wasafiri wote wana miaka ishirini na mitano.

Usafiri. Tulipanda treni ya Madaraka Express kutoka Syokimau, Nairobi, hadi Miritini, Mombasa. Tangu mwanzo wa 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza ni 4,500. Mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Fikeni mapema, kwa sababu mizigo hupangwa mstari ikanuswa na mbwa kabla hamjaingia, na foleni ya Desemba haina huruma. Watoto waliona ndovu wekundu wa Tsavo kupitia dirishani na safari ikawa imeshalipa. Kazi iko baada ya kushuka: kutoka Miritini hadi Watamu ni zaidi ya kilomita 100, na Mtwapa ina msongamano wa kukutoa jasho. Ukiwa na mzee na mtoto wa chekechea, kubalianeni na dereva kabla ya kupanda treni, wala usingoje kupatana naye nje ya stesheni usiku. Mwenye uwezo kuna ndege za kwenda Malindi moja kwa moja.

Sasa bahari. Hifadhi ya Baharini ya Watamu ilianzishwa 1968 pamoja na ile ya Malindi, nazo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina hiyo barani Afrika. Ndani yake uvuvi ni marufuku, na hilo unaliona samaki wanavyokuja kukuchungulia bila woga. Tulichukua boti ya kioo maji yakiwa yanakupwa, matumbawe yakiwa karibu na macho. Mama mkwe alikaa kwenye benchi akawatazama pono na vitatange kupitia kioo bila kulowa. Wakubwa wawili waliruka na miwani na mrija. Mdogo aliogopa, nahodha akamwambia, "Usiogope, mjukuu wangu, hapa ni kwao, sisi ndio wageni," akamshikisha kamba ya boti mpaka akazoea.

Hata hivyo, safari hiyo nzuri ilikuwa ya pili. Ya kwanza tuliipata kwa kijana wa ufuoni, tukapatana bei, na tulipokuwa katikati ya maji bei ikaanza kuzaa watoto: miwani kando, jaketi okozi kando, "chai ya nahodha" kando. Jaketi zenyewe zilikuwa za watu wazima. Kisha wakamwaga mkate baharini ili samaki waje, jambo ambalo halifai kabisa kwa samaki wala kwa matumbawe. Ushauri wangu: ulizeni mapema kama bei ina kila kitu, ombeni kuziona jaketi za watoto kwa macho mkiwa bado mchangani, na ada ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, lipeni wenyewe kwa eCitizen, mfumo wa malipo ya serikali mtandaoni, maana langoni hawapokei taslimu.

Kilichoyashinda mengine yote kwa furaha hakikugharimu hata senti. Asubuhi za bamvua tulitembea kwa miguu hadi kwenye visiwa vidogo vya mwamba vilivyo mbele ya ufuo, vile vilivyoliwa na maji chini vikabaki na vichwa vipana. Kwenye vidimbwi tuliona kiti cha pweza, jongoo bahari, mkunga mdogo aliyejificha chini ya jiwe, na kaa wasiohesabika. Vaeni viatu vya mpira vya kamba, kwa sababu kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu ambao hawasamehi. Mkubwa wetu, anayejifanya hapendi chochote siku hizi, ndiye alikuwa wa mwisho kukubali kurudi. Na rudini kwa wakati: maji yakianza kuja, yanakuja kwa nyuma na kwa pembeni.

Gede. Nilikwenda nikidhani watoto watachoka baada ya dakika kumi. Hawakuchoka. Ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ulistawi kwa karne kadhaa, kisha watu wakauhama kabisa katika karne ya 17, na msitu ukaufunika. Magofu yalitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa 1927, mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuyachimbua 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikayaingiza kwenye Urithi wa Dunia. Chukueni mtembezaji wa pale pale. Bila yeye ni kuta tu. Pamoja naye mnaona msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, vyoo vya ndani, na kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399. Kijana wangu wa kati alishangazwa zaidi na vyoo. Kwamba watu walikuwa na choo cha ndani na mahali pa kujitawadha miaka mia sita iliyopita, na shule yao bado ina vya shimo, lilikuwa jambo la kujadiliwa hadi usiku.

Vyombo vya udongo kutoka China na shanga za Venice vilivyochimbuliwa humo vilinisaidia kujibu swali la "walikuwa wanauza nini" bila kuhubiri. Njia ni tambarare na ina kivuli cha mibuyu na miti mikubwa, kwa hiyo mama mkwe alitembea polepole bila shida. Angalizo moja: kima wa humo wamezoea watu kupita kiasi. Ficheni ndizi. Yetu ilichukuliwa kwa adabu zote, mkononi mwa mwenyewe.

Ndani ya eneo hilo hilo kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, kisha huuza vifukofuko vinavyosafirishwa hadi kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Kwa hiyo msitu ukikatwa, na mapato yao yanakatwa. Mtoto wa miaka kumi anauelewa mpango huo mara moja. Nendeni jua likiwa limewaka vizuri. Siku ya mawingu vipepeo hutulia tu majanini na mtoto mdogo ataona mmelipia bustani tupu. Mimi niliondoka na asali ya msituni, na ninajuta kutochukua chupa mbili.

Kasa walitugusa kuliko nilivyotazamia. Watamu kuna shirika linaloitwa Local Ocean Conservation, lililoanza kazi ya kuwalinda kasa 1997, na lina kituo cha tiba ambacho wageni hutembezwa. Mvuvi akimnasa kasa wavuni bila kukusudia, huwapigia simu, wanakuja kumpima na kumrudisha baharini, naye mvuvi hupewa kifuta jasho kwa muda na wavu wake. Tulimwona mmoja aliyekuwa akielea bila uwezo wa kupiga mbizi kwa sababu ya plastiki tumboni, na mwingine mwenye uvimbe aliyekuwa akisubiri kupasuliwa. Hawakuwapamba watoto maneno, waliwaeleza kama watu wazima. Tangu siku hiyo mdogo wangu hukataa mrija wa plastiki hata kwenye soda ya sherehe, na amekuwa kero ya kweli kwa wajomba zake. Kama watoto wenu ni wa kulia upesi, waandaeni kidogo kabla ya kuingia.

Mida Creek, hori ya bahari yenye mikoko karibu na Watamu, ndiyo sehemu ambayo tungeiharibu kabisa kama tungeenda saa yoyote tu. Maji yakiwa yamejaa, mnapanda mtumbwi kati ya mikoko. Yakiwa yamekupwa, tope linabaki wazi na ndege wa pwani wanakuja kula, wakiwamo wengine wanaosafiri kutoka mbali sana kaskazini. Kuna daraja la kamba na mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Linayumba, watoto wakalipenda, mama mkwe akalikataa kwa kichwa tu na kukaa mwanzoni akizungumza na vijana wa mradi unaolitunza daraja hilo. Mapato ya daraja hilo huchangia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, na hilo nililisikia kwa furaha kuliko punguzo lolote.

Jioni tulihamia Dabaso, kwenye mkahawa wa kikundi cha kijiji uliojengwa juu ya nguzo katikati ya mikoko. Sambusa za kaa. Sina maneno mengi. Agizeni mapema kabla jua halijaanza kushuka, kwa sababu watu wote wa Watamu wana wazo hilo hilo na jikoni si kubwa.

Marafa ni safari ya nusu siku kutoka Malindi, na barabara ni ya vumbi. Wageni hupaita Hell's Kitchen. Wagiriama hupaita Nyari. Ni korongo la mchanga mgumu lililochongwa na mvua na upepo, lenye rangi ya waridi, nyeupe, chungwa na nyekundu. Mtembezaji wa kijijini alitusimulia kisa cha tajiri mwenye ng'ombe wengi ambaye familia yake ilioga maziwa badala ya maji, Mungu akakasirika na boma likazama. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Watoto walikipenda kisa, ila watoto wadogo hawakupenda joto. Tuliingia kuelekea jioni, na hata hivyo chini mle hakuna hewa. Kwa aliye na mtoto wa chini ya miaka sita au mzee, ningesema tazameni kutoka juu, wakubwa washuke. Mama mkwe alifanya hivyo, na mandhari ya juu ndiyo mazuri zaidi hata kwa picha.

Mji wa Malindi wenyewe tuliupitia haraka: nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapo 1498, inatazamwa kwa dakika chache, kisha kila mtu anataka kwenda sokoni. Sokoni nendeni. Mabuyu mekundu, achari ya embe, viazi karai, madafu. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi mtaani yalikuwa bora kuliko kifungua kinywa tulicholipia kwenye malazi.

Kuhusu malazi, tulianza katika hoteli iliyotangaza "klabu ya watoto". Ilikuwa chumba chenye televisheni, viti vya plastiki na binti mmoja mpole aliyechoka. Tukahamia nyumba ya kupanga yenye jiko na mpishi. Kwa familia ya watu sita hesabu ilishuka sana, na mpishi alienda mwenyewe kuchukua samaki kwa wavuvi na kuturudishia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mama mkwe aliingia jikoni siku ya pili na hakutoka tena, wakawa wanabishana kuhusu tui kama ndugu. Ulizeni tu kama bei inajumuisha umeme, kwa sababu mashine za kupoza hewa hula tokeni.

Kama hamwezi Desemba na lazima iwe Agosti, jueni kwamba kusi huwa inavuma. Bahari huchafuka na mwani hulala ufuoni, kwa hiyo boti ya kioo msiitegemee. Lakini kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita nje ya Watamu, na nyumba za kupanga huwa rahisi kupata. Gede, Kipepeo na kasa hazijali upepo. Desemba wekeni nafasi mapema, na tikiti ya treni ya kurudi ikateni siku ile ile mnayokata ya kwenda. Baada ya Krismasi hazipatikani.