Mpya ya Kizamani au ya Kisasa Iliyotumika: Kabla ya Kununua Kompyuta Mpakato, Tazama RAM Ilivyofungwa

Malalamiko ninayoletewa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, pamoja na watumishi waliohamia hapa makao makuu, yanafanana mno. Mtu amenunua kompyuta mpakato mpya, ikiwa ndani ya boksi na plastiki bado iko juu ya kioo, na kabla muhula haujaisha mashine imekuwa nzito kiasi cha kukwama inapofungua Word na kurasa chache za intaneti kwa pamoja. Anaipeleka kwa fundi aongezewe RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi, naye fundi anaifungua, anaitazama, kisha anamwambia kwamba hiyo haiongezeki. Nitashughulika na jambo hilo moja, kwa kuwa rangi, uzito na ukubwa wa kioo kila mnunuzi hujionea mwenyewe dukani.

Katika mashine nyingi mpya za bei ya chini, chipu za RAM zimelehemiwa kwenye bodi kuu badala ya kuchomekwa kwenye sloti. Ikitoka kiwandani na GB 4, itabaki na GB 4 mpaka mwisho wake, na chipu moja ikiharibika, mara nyingi utaambiwa ubadilishe bodi nzima. Hifadhi nayo mara nyingi ni eMMC (hifadhi ya bei nafuu, ya polepole) ya GB 64, nayo imelehemiwa vilevile. Microsoft imetaja GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi kuwa kiwango cha chini kabisa cha Windows 11. Kwa hiyo mnunuzi anaanzia pale ambapo mashine haiwezi kushuka zaidi, na hana njia ya kupanda. Aidha, upya wake huishia kwenye boksi: prosesa ya Celeron N4020, kwa mfano, ilitoka mwaka 2019 na ina viini viwili tu.

Ndiyo maana ninaiweka nafasi ya kwanza ThinkPad L14 ya mwaka 2020 iliyotumika. Ni changa kuliko ile Celeron, na ina sloti mbili za RAM, hivyo unaweza kuinunua na GB 8 leo na kuiongeza ukipata fedha. Sifichi kwamba ninaipenda ThinkPad kuliko chapa nyingine yoyote: Lenovo huweka wazi mwongozo wa matengenezo wa kila modeli, na fundi makini anaweza kuufuata hatua kwa hatua, jambo lenye thamani kubwa katika mji wetu wenye vumbi linaloziba feni. Ya pili ni T14 ya mwaka huohuo, yenye umbo imara zaidi, ingawa sehemu ya RAM yake imelehemiwa na sloti ni moja. Ichukue iwapo iliyolehemiwa haipungui GB 8. Jihadhari na T14s na X1 Carbon, ambazo ni nyembamba na za kuvutia lakini RAM yake yote imelehemiwa. HP EliteBook 840 G7 na Dell Latitude 5410 zina sloti mbili na zinafaa. Mwenye fedha pungufu atafute ThinkPad T480 ya mwaka 2018, yenye sloti mbili na betri mbili, ambapo ile ya nyuma hubadilishwa bila kuzima mashine. Asishuke chini ya kizazi cha 8 cha prosesa za Intel, kwa sababu Windows 11 haivikubali rasmi vizazi vya nyuma yake, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Anayetaka mpya kwa lazima adai GB 8 na walau sloti moja. Celeron ya GB 4 siipendekezi kwa mtu yeyote.

Ukiwa dukani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua “Performance”, kisha “Memory”. Mstari wa “Form factor” ukionyesha “Row of chips”, RAM imelehemiwa. Ukionyesha “SODIMM”, imechomekwa. Kwa T14, iliyo na vyote viwili, mwombe muuzaji afungue kifuniko cha chini. Zima na uwashe ThinkPad yoyote huku ukibonyeza F1, ujue kama ina nywila ya msimamizi, ile inayofunga mipangilio ya mashine, kwa kuwa nywila hiyo haiondoki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi.

Hapa ndipo wauzaji wanaponiudhi. Wapo wanaokataa kuiwasha mashine kabla hujalipa, na wapo wanaoandika “Core i5” bila kutaja kizazi, ilhali kati ya i5 ya mwaka 2015 na ya mwaka 2020 kuna tofauti kubwa. Bidhaa hazina bei iliyobandikwa, na wiki ambayo boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi, linaingia bei hupanda kwa bidhaa zilezile zilizokuwa kabatini. Ukiuliza sababu ya bei kuizidi ya Kariakoo, Dar es Salaam, kwa kiasi kikubwa namna hiyo, unaambiwa ni gharama ya usafiri, hata sasa ambapo treni ya SGR imekuwa ikifika Dodoma tangu mwaka 2024. Kisha, ukiomba risiti ya EFD, unaulizwa kama uko tayari kuongeza fedha. Risiti hiyo ni haki ya mnunuzi. Idai, na umtake muuzaji aandike juu yake modeli, kizazi cha prosesa, kiasi cha RAM na muda wa dhamana kabla hujatoa fedha.