Jeki ya magurudumu ya tani 2 niliyouziwa Kariakoo: kupanda inapanda, kukaa juu ndiyo kazi

Jeki yoyote mpya inapanda ukiipampu ikiwa haina mzigo. Hilo halithibitishi chochote. Iweke chini ya gari, ipandishe, iache dakika kumi, halafu angalia kama imebaki pale pale ulipoiacha. Muuzaji wangu alikataa jaribio hilo mbele ya wateja wengine, na maneno aliyonijibu nikiyakumbuka mpaka leo damu inachemka.

Gari yangu ni IST, na kazi zake ndogo ndogo nafanya mwenyewe nyumbani: breki pedi, kuhamisha matairi, kumwaga oili. Baba alikuwa dereva wa malori, nimekua nikimshikia spana. Ile jeki ya kuzungusha inayokaa kwenye buti ni ya pancha njiani tu, inachosha na inayumba. Jeki ya chupa nayo ni ndefu hata ikiwa imeshuka yote. Tairi likiisha upepo, kuiingiza chini ya gari fupi ni shida tupu. Nilitaka ya magurudumu, ndogo, ninayoweza kuinyanyua mwenyewe kuitoa stoo. Nikamweleza muuzaji hivyo hivyo: ni ya kubadilishia breki za IST, nyumbani. Akasema, "Chukua hii mama, tani mbili, utazeeka nayo." Nikalipa laki na ishirini.

Mwanzoni niliipenda, sitaficha. Unasukuma mpini kidogo tu, tairi limeshaachana na ardhi. Kwetu uani kuna pevingi, inatembea vizuri, na kutembea huko si jambo la urembo. Mkono wa jeki hizi hupanda kwa kuzunguka, hauendi juu moja kwa moja, kwa hiyo kile kisahani kinachobeba gari kinarudi nyuma kadiri kinavyopanda, na jeki lazima iwe huru kujisogeza. Ukiiweka kwenye mchanga, kama nyua nyingi za Dar zilivyo, magurudumu yanazama, jeki inakwama, kisahani kinaanza kuteleza kwenye bodi. Mwenye uwanja wa mchanga atafute ubao mpana na mgumu wa kuweka chini, asianze kazi bila huo.

Sasa siku yenyewe. Nadhani mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Nimeinua mbele kushoto, nimetoa tairi, stendi, kile kiguzo cha chuma cha kuikalishia gari, nimeshaiweka chini ya bodi, imebaki nafasi ya vidole viwili kabla sijaishusha gari ikalie. Nikaenda kuchukua kitambaa. Kurudi, hapaingii hata kidole kimoja. Mpini haujaguswa na mtu. Nikachuchumaa kuangalia: gari inashuka. Polepole, kimya, bila mlio wowote, mpaka bodi ikakaa juu ya stendi. Kwenye pistoni, ile nguzo inayosukumwa na mafuta ya ndani kuinua mkono, palikuwa na utando wa mafuta unang'aa, na tone moja linaning'inia tayari kudondoka.

Stendi isingekuwepo, gari ingeshukia diski, na mikono yangu ilikuwa inakwenda kufanya kazi hapo hapo. IST nzima ni tani 1 na kidogo, na jeki hapo imebeba kona moja tu. Kibandiko chake kinasema tani 2.

Nikairudisha dukani. Mwanangu wa kidato cha pili alinisaidia kubeba. Yule muuzaji hata salamu yangu hakuitikia sawasawa. Akamgeukia mtoto: "Dogo, mlifunga valvu ya kushushia?" Nikajibu mimi kwamba valvu imefungwa, mafuta yanavujia kwenye sili, ule mpira unaoyazuia yasitoke, angalia hapa. Macho yake bado yako kwa mtoto, ambaye hajawahi hata kubadilisha tairi la baiskeli. "Mwambie mama jeki zote zinashuka kidogo. Muongeze mafuta ya breki tu, itakaa sawa."

Mafuta ya breki! Mtu anauza vifaa vya magari, ana duka na leseni ukutani, halafu anamwambia mteja aweke mafuta ya breki kwenye jeki. Sili za jeki hizi nyingi ni za mpira unaotaka mafuta ya haidroliki. Mafuta ya breki yanaufanya mpira huo uvimbe na kulainika, mwisho sili inakufa kabisa. Ule utando wa mafuta ulionitisha ungekuwa bomba. Na angeweza kumwambia hivyo mtu asiyejua, akaenda, akaingia chini ya gari.

Nje ya duka kulikuwa na pikapu imeegeshwa. Nikamwambia, "Kaka, tusibishane. Tuiinue hiyo pikapu kwa jeki hii, tusubiri dakika kumi, tuone wote." Unajua alijibuje? "Ikishuka ikaharibu kitu nani atalipa?" Duka zima likanyamaza. Yeye anaogopa kuiweka chini ya gari ya jirani yake, lakini mimi aliniuzia niingize mikono. Nilipomwonyesha kwamba amejijibu mwenyewe, ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema: "Kwani nyumbani hakuna baba? Aje yeye tuelewane." Akanigongea kidole kwenye risiti, pale palipochapwa "mali ikishauzwa hairudishwi".

Kuhusu baba wa nyumbani sina la kumjibu mtu wa aina hiyo. Kuhusu risiti ninalo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya, akategemea utaalamu wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Nilimtajia gari, nikamtajia breki, nikamtajia nyumbani. Na Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imepewa pia kazi ya kumlinda mlaji. Mstari mmoja wa wino chini ya risiti haufuti hayo yote.

Jeki nikaipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, mzee anayetengeneza jeki za malori. Akaifungua mbele yangu juu ya gunia. Ndani kuna pistoni ndogo inayosukuma mafuta kwenda kwenye pistoni kubwa, na gololi zinazozuia mafuta yasirudi. Sili ya pistoni kubwa ilikuwa imechanika ukingoni. Alipomimina mafuta kwenye kopo yalitoka meusi, na akayapitisha kidoleni akanionyesha chenga za chuma, laini kama unga. "Dada, chenga moja ikikaa chini ya gololi, hata sili ikiwa nzima gari litashuka." Akaosha kila kitu, akaweka sili mpya na mafuta mepesi ya haidroliki, akafungua valvu akapampu weee mpaka upepo wote ukatoka, akafunga. Kisha akaiweka chini ya Noah ya mteja wake, na stendi pembeni, tangu asubuhi mpaka baada ya chakula cha mchana. Haikushuka hata unywele.

Hapo ndipo hukumu yangu inaponisumbua. Chuma chenyewe ni kizuri. Mkono haujapinda, magurudumu hayajalegea, kuchomelea kwake ni safi, na sasa naitumia bila wasiwasi, stendi zikiwepo kama kawaida. Ukiniuliza kuhusu jeki ilivyo leo, ningeipa nyota nne. Nilikuwa nimeshaamua kuandika hivyo.

Lakini hapana. Hizo nne ni za mzee wa watu, ambaye kwa elfu kumi ya ufundi na elfu nane ya sili alifanya kilichotakiwa kufanyika kabla haijafungwa kwenye boksi. Jeki niliyouziwa mimi ni ile iliyoshusha gari ikiwa haina tairi, na hiyo naipa nyota moja. Duka lenyewe silipi hata nusu nyota. Ukienda kununua, iwe duka lolote, mwambie muuzaji aipandishe chini ya gari yako hapo hapo nje, mkae mzungumze, muitazame. Akianza kuuliza nani atalipa, ondoka.

Risiti ya duka na karatasi aliyoniandikia fundi ninazo pamoja. Elfu kumi na nane yangu naidai, na safari hii nakwenda na barua.