Epoksi ya Kariakoo kwa kukereza kalamu, mi naikubali
Wakuu, kama unakereza kalamu (unazichonga kwenye mashine inayozungusha) na unataka kumwaga mwenyewe vipande vya kuchonga, hii epoksi, maji mazito yanayoganda yakawa magumu kama plastiki, ya chupa mbili, ile ya kuchanganya nusu kwa nusu, inayouzwa maduka ya rangi Kariakoo iko vizuri sana. Inachelewa kuganda kwa hiyo mapovu yanapata muda wa kupanda juu, nimetupia vipande vya mpingo na bluu kidogo imetoka kioo kabisa, na kwenye mashine inatoka nyuzi ndefu laini, haimeguki ovyo kama poliesta ya kutengenezea boti ambayo harufu yake tu inaumiza kichwa.

Ila mbao iwe kavu hasa, ikiwa na maji hata kidogo mapovu hayaishi. Na unyevu wa Dar huu, hasa masika, juu inabaki na utelezi kama mafuta, usiogope, osha na maji ya sabuni. Rangi ukiweka nyepesi, kale kabomba kanakokaa ndani ya kipande, kanakobeba wino, kapake rangi kwanza kabla hujakagundisha maana kataonekana. Bei imechangamka kidogo, na muuzaji hajui muda wa kuganda, soma mwenyewe kwenye chupa.