Nimenunua vitabu vya watoto visivyo na maneno, huu ndo uzoefu wangu

Nianze na bei maana najua wengine mtaishia hapo. Elfu nne. Soko la Memorial, Moshi, siku ya Jumamosi, kwenye turubai la vitabu vya mitumba jirani na wauza mashuka. Nilikuwa natafuta kitabu cha hesabu cha mwanangu mkubwa wa darasa la tatu, sikukipata, nikakuta likitabu likubwa la jalada gumu, mbele kuna sura ya simba imejaa jalada zima, hakuna jina, hakuna mwandishi, hamna kitu. Muuzaji mwenyewe alijua kimeng'oka jina. Akaanza na elfu nane, nikakifungua nikamwambia kaka mbona ndani hamna hata maneno, akakichukua akapekua mpaka mwisho akacheka, "haya mzee lete elfu nne, hicho kitakuwa kiliharibika kiwandani."

Hakijaharibika. Jina liko ubavuni, The Lion & the Mouse, cha Jerry Pinkney, Mmarekani mweusi, kilitoka 2009 na 2010 kikachukua medali ya Caldecott, ile ambayo kule Marekani anapewa mchoraji wa kitabu cha picha cha watoto, wanaitoa tangu 1938. Haya niliyajua usiku kwa bando langu. Ni ile hadithi ya Aesop, yule msimulizi wa Ugiriki ya kale, ya simba na panya ambayo karibu kila mtu anaijua, ila yeye akaamua itokee Serengeti. Serengeti yetu hii. Yaani mtu kakaa Marekani kachora Serengeti, kitabu kimepata medali, kimezunguka wee kikaja kuangukia turubai la Memorial na kinauzwa bei ya chipsi mayai kisa hakina maneno.

Mimi nina steshenari kwa hiyo karatasi nazijua kidogo, kwenye ubora sina neno. Kurasa nene, mshono wa uzi haujaachia pamoja na kwamba kimeshapita mikononi mwa watoto wa watu huko kilikotoka. Maneno yaliyomo ni milio tu ya wanyama na gari, imeandikwa kama sauti, mtoto wako asipojua kuisoma hapotezi kitu, wa kwangu aliangalia lile domo la simba tu akanguruma mwenyewe.

Sasa nikiri mapema, wiki ya kwanza nilikiharibu mimi. Mwanangu mdogo ana miaka mitano, yuko chekechea, na mimi nikamkalisha nikaanza kumfanyia mtihani. Huyu nani? Simba. Ana rangi gani? Hawa wako wangapi? Hebu hesabu. Ukurasa wa nne hivi akaniangalia akasema "baba soma basi." Nikamwambia hakuna maneno. Akasema "basi sema." Nikaanza kusema, nikatunga tunga pale panya anakimbia bundi, kaangukia kwa simba, nikamaliza nikajiona fundi. Kesho yake akataka tena, mimi nimeshasahau niliyoyatunga, nikabadilisha, weee alinikatisha kila ukurasa, "sio hivyo, jana ulisema panya alikuwa anaenda kununua sukari." Kumbe ukishasema limeshaandikwa. Kichwani kwake kitabu kina maneno tayari, ni mimi tu nisiyeyaona.

Nilivyonyamaza ndo mambo yakaanza. Kuna sehemu linakuja gari wazi la watu, wanaweka mtego, simba ananaswa kwenye kamba. Mimi na wewe tunajua hao ni majangili. Dogo amekulia Moshi, kila siku anaona magari ya watalii yakipita, kwa hiyo kwake hao ni watalii na wamemfunga simba ili atulie wampige picha. Nikajaribu kumrekebisha mara moja tu, akanijibu kwa upole kabisa kama mtu anayemwelewesha mzee, "baba, watalii huwa hawapendi simba akimbie." Hapo nikaacha. Na ukifikiria, ana hoja.

Mkubwa yeye alidharau, kitabu gani hicho cha watoto wadogo. Siku ya tatu nikamkuta amekilalia tumbo anabishana na mdogo wake kwamba simba alimwachia panya kwa nini. Hili swali ndo tamu la kitabu chote maana picha hazikuambii. Kwenye hadithi ya maneno panya anaomba msamaha, anaahidi kuja kumsaidia, simba anacheka. Hapa hakuna ombi, simba anamwangalia halafu anamwachia basi. Mkubwa anasema simba alikuwa ameshiba. Mdogo anasema simba ameona panya ana watoto nyumbani, nikamwambia ameonaje sasa na watoto wako kwenye kiota, akasema "si amemuuliza." Amemuuliza! Haya.

Madam wa chekechea nilimwonyesha siku moja, akasema mtoto saivi aletewe kitabu chenye herufi. Tuliachana kwa heshima.

Baada ya hapo nikapata tamaa ya cha pili na hapa sikilizeni vizuri. The Snowman cha Raymond Briggs, Mwingereza, cha mwaka 1978, hiki nacho ni picha mwanzo mwisho. Nilikiona kwa muuzaji wa mtandaoni Dar, kimetumika ila "kama kipya," elfu ishirini na tano, nikatuma hela, kikapakiwa basi, nikakilipia mzigo elfu tano nyingine stendi. Nafika nyumbani nafungua, karatasi ya mwisho haipo. Imechanwa safi kabisa kama ya daftari. Nampigia, anasema kaka hadithi si unaielewa tu hata bila hiyo. Na simu akakata. Jina lake siliweki hapa ila nawashauri, kitabu cha namna hii ukinunua mbali omba upigiwe video wakipekua kurasa zote, maana cha maneno ukikosa karatasi utahisi sentensi imekatika, hiki hustukii kitu, utadhani ndo mwandishi alivyotaka.

Halafu kina tofauti na cha simba. Cha simba picha kubwa kubwa zinajaa kurasa mbili. Hiki ukurasa mmoja una vijisanduku vingi vidogo na mtoto wa miaka mitano hajui aanzie wapi, wa kwangu alikuwa anarukia picha iliyomvutia, mtu wa theluji anavaa nguo kabla hajaingia ndani. Nikamshika kidole tukawa tunatembea nacho kisanduku kwa kisanduku, siku mbili akaelewa. Kwa hiyo kama mtoto ni mdogo sana anza na cha picha kubwa.

Kuhusu theluji. Sisi theluji tunaiona kila asubuhi Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, akifunuka, lakini iko kule juu, mita 5,895, nani ameishika? Neno analolijua dogo ni barafu, na barafu kwake ni ile ya kwenye mfuko wa nailoni inayouzwa dukani. Nikamwambia huyu ni mtu wa barafu. Akamtazamaaa, akauliza "ya ubuyu au ya maziwa?" Akajijibu mwenyewe ni ya maziwa maana ni nyeupe. Kuna sehemu huyo mtu wa theluji anajilaza kwenye friza kupoa, dogo akaona kawaida tu, si ndo wanapokaa.

Sasa hivi vitabu viwili nikapanda navyo hiace kwenda Kibosho kwa mama. Wala sikuwa na nia yoyote, niliviweka kwenye begi ili watoto wasisumbue njiani. Mama yangu kusoma anajua, alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, lakini saivi ana mtoto wa jicho, herufi ndogo hazioni, hata Biblia anasomewa. Akaniuliza wajukuu wanaangalia nini. Nikampa cha simba. Akakiweka mapajani, akakisogeza mlangoni penye mwanga, akapapasa ile sura. "Huyu namwona," akasema. Basi.

Wakakaa pale mgombani yeye na hao wawili saa nzima na zaidi, mimi nakula zangu mtori nasikiliza. Kwanza ile ya bundi hakutaka kabisa, aliifunua haraka, bundi ndani ya kitabu cha mtoto jamani, mwisho akawaambia huyo amefukuzwa ameenda zake. Halafu wakafika pale pa simba na panya, wajukuu wakamletea kesi yao, ameshiba, hapana amemuuliza. Bibi akawaambia wote hamjui. Panya alienda na jani la isale. Kwa wasiotoka huku, isale ni yale majani mabichi marefu tunayopandia mipaka ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, na kwa Wachaga ukimkosea mtu ukamletea isale anatakiwa akusamehe, hata akiwa na hasira za kuua. "Mbona halionekani?" mkubwa akauliza. "Ameshalitupa simba, si mnaona ameshasamehe." Na mtoto wa darasa la tatu, anayenibishia mimi mpaka saa ya kulala, akakubali.

Mimi ni Mchaga, nimepekua kile kitabu mara kumi na ngapi sijui, isale sikuliona.

Cha pili ndo nilikuwa na wasiwasi nacho kwa sababu ya ile karatasi. Nilishaangalia mtandaoni inakuwaje: asubuhi mtoto anatoka nje anakuta mtu wa theluji ameyeyuka, imebaki kofia na skafu juu ya kichuguu cha theluji. Chetu kinakatika kabla ya hapo. Nyumbani nilikuwa nimeshakaa kimya, dogo akiuliza halafu namwambia halafu basi, naona aibu kumwambia rafiki yake kafa. Mama yeye hata hakushtuka kwamba kitabu kimeisha vibaya. Alishamtambua yule mtu toka mwanzo, "huyu si ametoka kule juu," anaonyesha Kibo kwa kidevu. Pale anapoogopa moto wa ndani akawaeleza, anaogopa kwa sababu anakumbuka Mawenzi, kile kilele jirani, alivyokuwa anakuja kuomba moto kwa Kibo kila mara mpaka Kibo akachoka akampiga mchi, ndo maana Mawenzi amechongoka vile. Hiyo hadithi mimi nilisimuliwa nikiwa na umri wa dogo, jikoni, moshi machoni. Sikuwahi kuwasimulia wanangu. Si kwamba niliisahau, haikuwahi kutokea sababu.

Na mwisho je? Amerudi kwao, bibi akasema, usiku, kwa miguu. Dogo akauliza kwao kuna nafasi? Hapo mama akanyamaza kidogo. Akasema zamani alivyokuwa binti nyeupe ilishuka mpaka chini sana, saivi imebaki kofia tu. Nilikuwa na kijiko mdomoni. Hajawahi kuiona ile picha ya mwisho.

Basi ndo hivyo. Mkitaka maksi, cha simba nakipa zote, cha theluji kitabu chenyewe kizuri ila muuzaji sifuri. Kasoro: hakimfundishi mtoto herufi kama ndo shida yako, na ukiwa mtu wa haraka haraka utakimaliza dakika tatu uone umeibiwa. Pia ficha penseli, mkubwa ameshachora jani la isale mdomoni mwa panya, kwenye kitabu cha medali. Sijafuta.

Nilivyotaka kuondoka jioni mama akaniambia vitabu viache hapa. Nikamwambia ni vya watoto mama. Akasema watoto watavikuta, wewe walete. Ameshavifunga kwenye kanga kaviweka kabatini pamoja na kadi ya kliniki yake.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Memorial kwa yule yule wa turubai nikamuuliza kama ana vingine, vile visivyo na maneno. Akanikagua, akasema vipo viwili nimeviweka pembeni, kuna mama naye aliulizia. Bei gani? "Elfu kumi na tano kimoja mzee, vile vya maneno ndo elfu tano."